Nasukutua mara nne kwa siku, mdomo bado unanuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, nauza kanga na vitenge hapa Tanga mjini. Shida yangu ni ya aibu, naomba jina usilitoe.

Mwaka jana mume wangu aliniambia kwamba mdomo wangu unanuka. Hakusema kwa ubaya, lakini tangu siku ile akilala anageukia ukutani, na mimi dukani nikizungumza na mteja najiziba kwa ncha ya mtandio. Wifi yangu wa Dar akaniletea dawa ya kusukutua, ile ya rangi ya waridi ya klorheksidini. Akasema hii inaua kila kitu, hata waliofanyiwa upasuaji wa kinywa wanapewa. Nikaipenda. Nilianza asubuhi na jioni, siku hizi ni mara nne, na chupa nabeba mpaka dukani. Ni miezi minane sasa.

Harufu inapotea saa moja au mbili, kisha inarudi. Meno yamepata madoa ya kahawia kama ya mvuta sigara, na mimi sijawahi kuvuta. Chakula kimepoteza ladha, hata samaki wa nazi naona kama maji. Halafu mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya aleji (vumbi la vitambaa linanitesa, nameza vidonge karibu kila siku), nesi akanipima presha akakuta 142 kwa 91. Baada ya wiki mbili nikarudi, ikawa 144 kwa 90. Sijawahi kuwa na presha mimi. Hajanipa dawa, kaniambia nipunguze chumvi na nirudi tena.

Sasa kijana mmoja anayepitisha dawa za lishe madukani ameniambia nimeua bakteria wazuri wa mdomoni, na kwamba wao ndio walinzi wa presha. Anataka ninunue vidonge vyake vya kuwarudisha, kopo shilingi 85,000. Kweli kuna bakteria wazuri mdomoni? Tangu shuleni nimefundishwa kuwa vijidudu ni adui. Mwanangu wa miaka mitano naye nimeshaanza kumpa dawa hiyo asukutue. Kitu kingine, nikipiga mswaki fizi za mbele chini zinatoa damu, kwa hiyo pale napita juujuu tu nisizitoneshe.

Nishauri, Shangazi.

Mwenye Mtandio, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa miezi yote hiyo ya kujiziba.

Nianze na mtoto, maana hilo halingoji. Hiyo dawa mwondolee leo. Mtoto wa miaka mitano ni rahisi kuimeza anaposukutua, na hana ugonjwa wa kinywa unaohitaji dawa hiyo. Mpe mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, na mswaki ushike wewe mwenyewe mpaka mikono yake ikomae. Inatosha.

Sasa wewe. Bakteria wazuri mdomoni wapo, na ni wengi kuliko wabaya. Wanasayansi wameshaorodhesha zaidi ya aina 700 za bakteria wanaoweza kuishi kinywani mwa binadamu, na katika mililita moja tu ya mate wamo kama milioni 100. Hakuna mtu mwenye aina zote; kila mmoja ana sehemu yake, na nyingi alianza kuzipata kwa mama yake na kwa waliomlea, tangu siku za mwanzo.

Kazi yao ya kwanza ni kukaa tu. Daladala ikijaa tangu stendi, anayesubiri njiani hapati kiti hata awe mkorofi namna gani. Ndiyo maana mtu aliyetumia antibayotiki kwa muda mrefu anaweza kuota utando mweupe mdomoni: fangasi wa kandida alikuwemo siku zote, kimya, mpaka majirani zake walipouawa akapata nafasi. Wengine wanapigana hasa. Kuna mmoja anaitwa Streptococcus sanguinis, anatengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu ukiimimina kwenye kidonda, na kwa hiyo anamrudisha nyuma Streptococcus mutans, yule anayegeuza sukari kuwa asidi na kutoboa meno. Wapo pia wanaovunjavunja vitu vilivyomo kwenye mate na kutoa amonia, ambayo inapoza asidi hiyo. Ukinywa chai ya sukari, asidi hupanda ndani ya dakika chache, na kinywa huhitaji nusu saa hadi saa nzima kurudi kilipokuwa. Anayeonja chai kidogo kidogo dukani kutwa hawapi nafasi hiyo kabisa.

Lakini wanaokuhusu zaidi wewe ni wa ulimini.

Chukua kioo kidogo, simama dirishani penye mwanga, utoe ulimi nje mpaka mwisho. Mbele utaona vinundu vidogo na rangi ya waridi. Nyuma kabisa, kukaribia koo, vinundu vinakuwa vikubwa, kati yake kuna mifereji, na utando unakolea. Hewa haifiki vizuri huko chini ya mifereji. Bakteria wanaoishi humo wamezoea kukosa oksijeni, na baadhi yao hutumia nitrati kupumulia mahali pa hewa.

Nitrati inatoka kwenye mboga. Mchicha unayo kwa wingi, na spinachi, letusi na bitiruti vilevile. Ukila mchicha mchana, nitrati yake huingia kwenye damu, kisha tezi za mate huinyonya kutoka kwenye damu na kuirudisha kinywani. Karibu robo ya nitrati tunayokula hupita njia hiyo. Mimi hata leo nikilieleza jambo hili nashangaa, maana ni kama mwili unawapelekea wale bakteria chakula kwa makusudi. Seli zetu wenyewe karibu haziwezi kuifanyia nitrati chochote. Wao wanaweza. Wanaigeuza kuwa nitriti, wewe unameza mate, na tumboni na ndani ya damu ile nitriti inageuka gesi ya nitriki oksaidi. Gesi hiyo ndiyo inayoiamuru misuli ya mishipa ya damu ilegee. Mishipa ikilegea, presha inashuka. Mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua kazi ya gesi hiyo kwenye moyo na mishipa. Mwili unayo pia njia yake ya kuitengeneza bila msaada wa bakteria, ila njia hiyo inapungua nguvu kadiri umri unavyokwenda, na hapo ndipo msaada wa ulimi unapokuwa na thamani zaidi.

Sasa sikiliza walichofanya watafiti wa London. Waliwachukua watu 19 wenye afya, wasio na presha, wakawapa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, aina hiyo hiyo yako, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Utengenezaji wa nitriti mdomoni ulianguka kwa karibu asilimia 90. Ile iliyomo kwenye damu ilipungua kwa robo. Na presha ikapanda kwa pointi 2 hadi 3 na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Watu wenye afya, siku saba, mara mbili. Wewe ni miezi minane, mara nne.

Hata hivyo yule kijana amekuuzia ukweli uliokatwa nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kukudhuru. Pointi 3 haziwezi kumchukua mtu wa 120 zikamfikisha 144. Zipo tafiti nyingine ndogo ambazo hazikuona presha ikipanda kabisa. Kwa hiyo usikae nyumbani ukisema ni ile chupa tu, nikiiacha itashuka. Rudi kwa nesi wako siku aliyokupangia, mweleze habari ya dawa ya kusukutua, na umpelekee pakiti ya vidonge vyako vya aleji aisome mwenyewe.

Hivyo vidonge umevitaja ndani ya mabano, mwanangu, kana kwamba ni jambo dogo. Kuna vidonge vya mafua na aleji vilivyochanganywa na dawa ya kuzibua pua, na dawa hiyo hupandisha presha. Na dawa nyingi za aleji hukausha mate. Kinywa kikikauka, harufu inakuja, kwa sababu mate ndiyo yanayoosha kinywa kutwa nzima, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Inawezekana kabisa pakiti moja inakuletea matatizo yako yote mawili. Usiache vidonge kwa kichwa chako. Uliza kama ipo aina nyingine inayokufaa. Na vumbi la vitambaa lipunguze kwa kuvaa barakoa unapofungua marobota na kufagia kwa kitambaa chenye unyevu.

Turudi kwenye harufu. Katika watu wengi wanaolalamika kunuka mdomo chanzo kimo humo humo kinywani: nyuma ya ulimi, kwenye fizi, kwenye jino lililotoboka. Bakteria wanaoishi bila hewa wanapovunjavunja mabaki ya chakula, damu na ngozi iliyokufa, hutoa gesi za salfa, ikiwemo ile inayonuka kwenye yai viza. Nawe umeniandikia jibu bila kujua, pale uliposema fizi za mbele chini zinatoa damu na unapita juujuu. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno hayo ya chini. Unasikia pamekwaruza, kana kwamba kuna ukuta mdogo umejengwa? Mifereji ya tezi za mate za chini inafunguka pale pale. Mate yana madini ya kalsiamu, na ukoga usiposuguliwa pale, madini huugandisha ukawa ugaga, mgumu, ambao mswaki hauutoi tena. Chini ya ugaga fizi inavimba, inatoa damu, inajitenga na jino, na kwenye mfuko unaobaki wanajazana bakteria wasiopenda hewa. Hao ndio wabaya. Dawa yako ya kusukutua haiwafikii.

Hilo lilijulikana zamani sana, na aliyeligundua alikuwa mwenzako wa biashara. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Alikuwa akitengeneza hadubini kwa mikono yake, na mwaka 1683 aliandika barua kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza alivyokwangua ute mweupe kati ya meno yake, akautazama, akaona viumbe vidogo vikitembea kwa wingi wa kumshangaza. Na hakuwa mtu mchafu. Meno alikuwa akiyasugua kwa chumvi kila asubuhi. Akajaribu siki kali. Wale aliowachanganya moja kwa moja na siki walikufa hapo hapo. Lakini aliposukutua siki kisha akakwangua tena katikati ya meno, aliwakuta wengi wazima. Akasema siki haipenyi ndani ya ute ulioshikamana, inaua wa nje tu. Zaidi ya karne tatu zimepita na chupa za waridi zinafanya vivyo hivyo: wa juu wanakufa, wakiwemo waliokuwa wakikusaidia, na wa chini ya ugaga wanaendelea kustarehe.

Basi chupa iweke chini. Klorheksidini ni dawa nzuri kwa kazi yake, baada ya kung'oa jino au upasuaji, wiki moja au mbili kwa maelekezo ya tabibu, kisha inaachwa. Madoa ya kahawia na ladha kupotea ni madhara yake yanayojulikana. Ladha hurudi ukiacha, na madoa hutolewa kliniki. Bakteria wako pia watarudi wenyewe. Hawakufa wote, na kila unapokula, kunywa na kuongea na watu wako wengine wanaingia.

Kliniki ya meno nenda wiki hii, ya wilaya au ya mkoa, yoyote iliyo karibu. Sema unataka kukaguliwa fizi na kukwanguliwa ugaga. Usiseme tu "kusafisha meno yang'ae", maana kuna watakaokupaka dawa ya kung'arisha na kukurudisha nyumbani na ugaga wako. Mwambie tabibu kwamba presha yako iko juu, kabla hajakuchoma sindano yoyote ya ganzi. Baada ya kukwanguliwa fizi zinaweza kuuma kidogo, na meno ya chini yakasikia ubaridi, kisha itaisha. Nyumbani, pale panapotoa damu ndipo pa kupiga mswaki kwa makini zaidi, kwa mswaki laini, ukiulaza kidogo kuelekea kwenye fizi. Watu wengi hukwepa damu kama wewe, na ukoga unashukuru. Ukisugua vizuri kila siku, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Usiku ukimaliza, tema povu lakini usisuuze kwa maji mengi, floraidi ibaki kwenye meno.

Mswaki wa mti, kama unautumia, hauna neno, wazee wetu wa pwani wametunza meno kwa huo. Ukate ncha kila unapochakaa na usidunge fizi. Ila dawa ya meno ya usiku usiiache.

Ulimi usafishe mara moja kwa siku, asubuhi, kwa ukingo wa kijiko au kikwangulio cha ulimi, kutoka nyuma kuja mbele, taratibu. Ukitaka kujua harufu inatoka wapi, kwangua nyuma kabisa kwa kijiko kikavu, kiache nusu dakika, ukinuse. Usikwangue mpaka ulimi uwe mwekundu au utoe damu. Unachoondoa ni utando uliozidi na mabaki. Wenyeji wa mifereji watabaki, na tunataka wabaki.

Mchicha rudisha mezani, mara nyingi kwa wiki. Ukiuchemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya nitrati unaimwaga nayo. Ukaange kidogo, au upike kwa maji machache yaishie humo humo. Kama una shida ya figo au umewahi kuambiwa una vijiwe kwenye figo, muulize kwanza daktari kuhusu mboga hizo. Dukani kunywa maji matupu kati ya wateja, na chai ya sukari inywe ya mara moja, pamoja na chakula, iishe.

Vidonge vya 85,000 usinunue. Bakteria wa kinywa wa kwenye makopo wapo kweli duniani. Mmoja anayejulikana ni Streptococcus salivarius K12, aliyepatikana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi. Lakini kumpanda bakteria mgeni mdomoni ni kazi ngumu, mara nyingi mtu akiacha vidonge naye anaondoka, na hakuna aliyethibitisha kwamba kopo la namna hiyo linashusha presha. Fedha hiyo ipeleke kliniki ya meno.

Na mumeo. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walipima wapenzi wanaobusiana, wakakuta busu la sekunde 10 linaweza kupitisha bakteria milioni 80 kutoka kinywa kimoja kwenda kingine, na bakteria wa ulimini mwa watu wanaoishi pamoja hufanana kuliko wa wageni. Kwa hiyo kinywa chako na chake si vitu viwili mbali. Mwambie hivi, kwa utulivu, wakati watoto wamelala: nimeandikiwa nikakaguliwe fizi, twende wote. Kama naye hajawahi kukaa kwenye kiti cha tabibu wa meno, na wanaume wengi mpaka jino liwaamshe usiku ndipo huenda, atakuwa na ugaga wake. Alikuambia bila ubaya, umesema mwenyewe. Huko kugeukia ukutani kunaweza kuwa ni aibu yake kwa alichokisema. Muulize.

Kama miezi miwili baada ya kukwanguliwa harufu bado ipo, na fizi hazitoi damu tena, mwombe daktari akuangalie tonsili na pua. Kwa watu wenye aleji ya muda mrefu makamasi huteremka kooni, na kwenye mashimo ya tonsili hujikusanya vijiwe vyeupe vidogo ambavyo hunuka vikali na mswaki haufiki. Akupime na sukari siku hiyo hiyo, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, na presha mpya katika umri wako ni sababu tosha ya kupima.

Shangazi